Chaguo la Pili

Mwaka wa themanini na nane tulifundishwa kupiga kura kwa miguu. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Mgombea alisimama uwanjani, au picha yake iliinuliwa juu, na wewe uliyemtaka ukaenda kusimama nyuma yake, mchana kweupe, mbele ya kila anayekujua. Mlolongo, ndivyo ulivyoitwa. Ulianzia kwenye siasa za wakubwa lakini haukuishia huko. Miezi michache baadaye, upande wetu wa Ganda, kila kitu kilichaguliwa kwa mlolongo: viongozi wa kikundi cha akina mama, wasimamizi wa soko, hata mwimbishaji wa kwaya. Mwisho ukaifikia kamati ya wazazi ya shule ya msingi niliyokuwa nikifundisha.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mwalimu asiye na cheti. Nilifundisha darasa la tatu na sikuwa na utulivu hata kidogo. Nilisomesha nikitembea kutoka ukuta huu hadi ule, natafuna kipande cha chaki bila kujua, mpaka watoto wakawa wananionyesha mdomo wangu mweupe wakicheka. Kilichokuwa kikinitembeza ni fomu. Ili niingie chuo cha ualimu nilihitaji fomu yenye saini ya mwalimu mkuu, na chini yake saini na mhuri wa mwenyekiti wa kamati. Saini ya kwanza nilikuwa nayo. Fomu yenyewe ilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti, wiki ya tatu sasa, ikingoja ya pili.

Mwenyekiti alikuwa ndiye mwenye mashine ya kusaga na ndiye mwenye pikapu pekee kijijini. Ukiumwa na nyoka, ukishikwa na uchungu wa kuzaa, ni pikapu ile ndiyo ingekufikisha hospitali Malindi. Hakuwa mtu wa ukorofi. Hakumtukana mtu wala hakumpiga. Alikuwa mtu wa kukumbuka. Ukimkosea leo, atakuamkua kesho kwa jina lako kamili na kukuulizia watoto. Halafu siku utakayomhitaji, pikapu itakuwa haina petroli.

Waliosimama kumpinga walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mtu wa bara, fundi wa mitambo katika kiwanda cha pamba, aliyekuja pwani kwa kazi na kupanga nyumba pamoja na wenzake wa bara upande wa barabarani. Watoto wao walijaa shuleni kwetu, lakini hakuna mzazi wao aliyewahi kukaa kwenye kamati. Wa pili alikuwa shangazi yangu.

Huyu ni dada yake baba. Alitulea mimi na mdogo wangu wa kike tangu mama alipofariki. Alikuwa fundi cherehani, barazani mwa duka, na ndiye aliyeshona nusu ya sare za shule nzima. Aligombea kwa jambo moja tu: vyoo vya wasichana. Shule ilikuwa na choo kimoja cha mashimo mawili, na mlango wake ulikuwa gunia. Wasichana wakubwa waliingia vichakani kwa zamu, mmoja akimlinda mwingine, na kila mwezi kulikuwa na siku ambazo hawakuja kabisa. Mdogo wangu, aliyekuwa darasa la sita, alikuwa mmoja wao. Mwenyekiti alikuwa ametumia nguvu za wazazi kujenga ofisi ya kamati, yenye dirisha la vioo.

Siku ya uchaguzi wote watatu walisimama uwanjani, wakiachana hatua kumi hivi. Mwalimu mkuu alipiga kengele. Nami, kama mlezi wa mdogo wangu, nilikuwa na haki ya kusimama.

Nakumbuka miguu yangu. Nakumbuka nilivyoitazama ikienda. Shangazi alikuwa upande wa kushoto, amevaa leso mpya za kijani, mikono ameifunga kifuani. Mwenyekiti alikuwa katikati na mstari wake ulikuwa tayari umevuka milingoti ya goli. Alikuwa akitabasamu na kuwaitikia watu kwa majina, mmoja mmoja, kadiri walivyofika. Miguu ikanipeleka kwake.

"Mwalimu," akaniitikia. "Hujambo? Fomu yako nimeiona."

Nyuma ya shangazi walisimama watu tisa. Niliwahesabu mara nyingi, kwa sababu sikuweza kuinua macho juu zaidi ya migongo yao nikautazama uso wake. Nyuma ya fundi wa bara walisimama wa bara wenzake, na hata hao si wote. Mwenyekiti alishinda kwa mstari uliozunguka hadi jikoni mwa shule.

Jioni ile shangazi alipika kama kawaida na akanipakulia kama kawaida. Hakuniuliza neno. Fomu ilitiwa saini na mhuri siku ya tatu, nikaipeleka Kilifi kwenye ofisi za elimu, na majina yalipobandikwa langu halikuwamo. Nilisoma orodha ile mara nne, nikitia kidole kwenye kila jina. Kisha nikarudi kwa shangazi nikamwambia nimekosa.

"Basi utaomba tena," akasema, akaendelea kushona.

Mwaka mzima ule nilikosa raha. Ningekaa naye barazani, ningesimama, ningesema nina madaftari ya kusahihisha, ningeondoka, kisha ningerudi. Nilitaka anitukane. Hakunitukana, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuanza.

Mwaka uliofuata muda wa uchaguzi ukafika tena, na wagombea walikuwa wale wale watatu. Mwalimu mkuu alikuwa mzaliwa wa mji wa kale wa Malindi, mtu wa adabu nyingi na woga mwingi, na safari hii alikuwa na shida yake mwenyewe: wazazi walikuwa wameacha kuja mikutanoni. Akiita mia, wanakuja kumi na watano. Akatulalamikia walimu wakati wa chai.

"Nifanyeje, jamani? Wamesusa. Wasema hawaoni haja, mshindi keshajulikana."

Aliyemjibu alikuwa mwalimu wetu wa hesabu, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu. Yeye alikuwa mtu wa Kaloleni, amesoma huko shule ya misheni. Alikuwa na tabia ya kunyamaza mpaka watu wasahau kwamba yupo.

"Tatizo ni mawili," akasema. "La kwanza ni woga. Hilo dawa yake siri. Lakini siri peke yake haitoshi."

"Kwa nini haitoshi?" nikamuuliza.

Akachukua vikombe vya chai akavipanga mezani. "Tuseme wazazi ni kumi na wawili. Watano wanamtaka mwenye mashine. Saba hawamtaki kabisa, lakini wanne katika hao wanamtaka fundi, na watatu wanamtaka shangazi yako. Nani mshindi?"

"Mwenye mashine."

"Na wasiomtaka ni wangapi?"

"Saba."

"Basi." Akavirudisha vikombe. "Saba wametawaliwa na watano kwa sababu waligawanyika. Si kwamba wamekosa wingi. Wamekosa njia ya kuusema."

Akatueleza kwamba alipokuwa kijana kule misheni, mwalimu mmoja mzungu kutoka Australia aliwachagulisha viranja kwa mtindo wa kwao. Huandiki jina moja. Unawapanga wote: huyu wa kwanza wangu, huyu wa pili, huyu wa tatu. Kura zinahesabiwa kwa wale wa kwanza. Akiwepo aliyezidi nusu, ameshinda. Asipokuwepo, yule wa mwisho anatolewa, na kura zake hazitupwi. Kila moja inakwenda kwa yule ambaye mwenyewe alimweka wa pili.

"Ni kama kumtuma mtoto dukani," akasema. "Unamwambia, niletee sukari guru, ikiwa haipo, niletee asali. Humwambii, ikiwa haipo sukari guru rudi mikono mitupu."

Mwalimu mkuu alitikisa kichwa. "Nusu ya wazazi wetu hawajui kusoma, mwalimu. Watapangaje majina?"

Swali lile nililibeba siku mbili. Nililibeba darasani, njiani, kisimani. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa miguuni pa shangazi, nikiokota mabaki ya vitambaa yaliyoanguka chini ya cherehani, mekundu ya sare za shule fulani, manjano ya shule nyingine, ya kijani ya leso. Bila kufikiri nilikuwa nayachoma kwenye njiti ya ukuti iliyochomoka kwenye ufagio, moja juu ya jingine. Nikaitazama ile njiti. Nikasimama ghafla hata shangazi akaacha kukanyaga cherehani.

"Umeumwa na nini?"

"Hapana. Nipe mabaki yote."

Njiti ya ukuti ina upande mnene, wa shina, na upande mwembamba wa ncha. Upande wa shina tuliuchovya kwenye wino. Kila mgombea akapewa rangi: mwenyekiti nyekundu, fundi wa bara njano, shangazi kijani. Vitambaa tulivikata vidogo, tukavitoboa tundu la kubana katikati. Mpigakura angeingia darasani peke yake, angekuta mafungu matatu mezani, angechoma kitambaa cha amtakaye zaidi mpaka kifike kwenye wino, kisha cha wa pili, kisha cha wa tatu. Na njiti angeitumbukiza kwenye mtungi. Hakuna herufi. Mzee wa hesabu aliwajaribisha darasa la saba kwa maembe, mananasi na mapapai, na nanasi likashinda ingawa embe ndilo lililoongoza mwanzo. Wapenzi wa embe walipiga kelele hadi akawatoa nje.

Ilibaki kumwambia mwenyekiti. Mwalimu mkuu alinituma mimi, akisema mimi ni kijana na nina ulimi. Ukweli ni kwamba aliogopa. Nilimkuta kwenye mashine, amejaa unga hadi kwenye nyusi. Mfukoni nilikuwa na fomu mpya ya chuo.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Lete hiyo fomu." Aliiona kabla sijaitoa. Akaikunja akaitia mfukoni mwa shati. Kisha nikamweleza habari ya njiti, maneno yakinitoka mbiombio, na yeye akasikiliza hadi mwisho akacheka kicheko cha kweli.

"Hata mkipiga kura kwa kokwa za maembe, mimi nitashinda. Fanyeni mchezo wenu."

Siku ile wazazi walikuja wengi. Naona ilikuwa ni ule mchezo uliowaleta. Waliingia darasani mmoja mmoja, na wengi walikaa humo muda mrefu kuliko tulivyodhani. Bibi mmoja alitoka akatuuliza kama anaweza kurudi ndani, amefikiri vingine. Mzee wa hesabu alimkatalia kwa upole. Zamu yangu ilipofika niliingia, nikaokota kitambaa cha kijani, na kwa haraka nikajichoma kidole. Kijani, njano, nyekundu. Nilitoka nje nikashindwa kukaa. Nilizunguka shule mara tatu.

Tulihesabu hadharani, njiti zimetandazwa juu ya jamvi. Njiti zilikuwa mia moja na ishirini na moja. Nyekundu zilizogusa wino zilikuwa arubaini na saba. Njano thelathini na nane. Kijani thelathini na sita.

Watu walinong'ona. Mwaka uliopita shangazi alikuwa na tisa. Thelathini na sita! Niliwatazama watu mmoja mmoja nikijiuliza ni akina nani hao waliokuwa wakimtaka siku zote kimya kimya. Lakini palepale nilifahamu hesabu ilikuwa inaelekea wapi. Yeye ndiye alikuwa wa mwisho. Yeye ndiye wa kutolewa, na alizidiwa kwa njiti mbili tu.

"Mwenyekiti anaongoza," akasema mtu wa mwenyekiti. "Tumemaliza. Twendeni."

"Bado," akasema mzee wa hesabu. "Arubaini na saba si nusu ya mia na ishirini na moja. Waliobaki sabini na nne hawakumweka wa kwanza. Tuwaulize na hao."

"Na watu wa kijani?" mama mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Mnatutupa?"

"Hamtupwi, mama. Tazama."

Akaziokota njiti za shangazi moja moja, akaziinua juu watu wote waone kitambaa cha pili. Njano. Njano. Nyekundu. Njano. Alikwenda polepole mno, nami nilikuwa nikisimama kwa mguu huu na ule kama mtu anayekanyaga siafu. Zikaisha. Thelathini zilikwenda kwa fundi, sita kwa mwenyekiti. Fundi wa bara akawa na sitini na nane, mwenyekiti hamsini na tatu.

Hakuna aliyeshangilia mwanzoni. Hata fundi mwenyewe hakuelewa. Aliangalia nyuma yake, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyetajwa.

"Huu ni uchawi gani?" mtu wa mwenyekiti akauliza. "Wa kwanza amekuwa wa pili?"

Shangazi ndiye aliyejibu. Alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake, na hakuinuka. "Si uchawi. Sisi tuliulizwa, na tumejibu. Usiponipa huyu, nipe yule. Ndivyo tulivyosema."

Mwenyekiti alipangusa viatu vyake, akawaaga watu kwa majina, akaondoka na pikapu.

Siku nne baadaye alikuja naibu wa chifu. Mwalimu mkuu alituita ofisini, mimi na mzee wa hesabu, tukamkuta mgeni ameketi, ufito wake wa kazi magotini, na juu ya meza mtungi wetu.

"Nani alibuni haya?"

Mwalimu mkuu alitazama dirishani. Mzee wa hesabu akasema, "Mimi," na mimi nikasema, "Mimi," kwa pamoja.

"Serikali haijui njiti," akasema naibu wa chifu, bila hasira, kama mtu anayemweleza mtoto. "Serikali inajua watu wamesimama. Jumamosi mtarudia, na nitakuwapo."

Siku zile chache zilikuwa ndefu. Nilijua fomu yangu iko kwenye mfuko wa shati la nani. Nilijua pia kwamba Jumamosi hakutakuwa na chumba cha kujifichia. Kisimani wanawake walikuwa wakizungumza na kunyamaza nilipofika, kisha wakaanza kuzungumza hata nilipokuwapo. Nilisikia mmoja akimwambia mwenziwe: "Kumbe tulikuwa sabini na kitu. Mimi nilidhani ni mimi peke yangu." Mwenziwe akasema, "Na mimi nilidhani ni mimi." Wakacheka kidogo, wakatazama nyuma. Nilirudi nyumbani na ndoo nusu, nusu nyingine nimeimwaga njiani kwa mwendo wa haraka.

Jumamosi wagombea wote watatu walisimama uwanjani kama mwaka uliopita. Jua lilikuwa kali. Naibu wa chifu alisimama kivulini mwa ukuta wa ofisi ya kamati, akatoa amri watu wapange.

Hakuna aliyekwenda. Nasema kweli, kwa muda wa kuchemka maji hakuna aliyetikisika. Kisha watu wa mwenyekiti, ndugu zake na vibarua wa mashine, wakaanza kusogea nyuma yake, na wengine wachache wakawafuata, wakitazama chini. Wa bara wakaenda kwa fundi wao. Wengi tulibaki pembeni. Mwenyekiti alituangalia, akitabasamu, akapitisha macho juu yetu taratibu, na nilihisi yakinipita na kurudi.

Ndipo shangazi alipotoka mahali pake. Alifunga leso yake vizuri kiunoni, akavuka uwanja, akapita mbele ya mwenyekiti akamwamkua, na mwenyekiti akaitikia kwa mazoea. Akaenda akasimama nyuma ya fundi wa bara, mtu wa mwisho kwenye mstari.

"Mama, wewe ni mgombea!" naibu wa chifu akamwambia. "Rudi mahali pako."

"Nimejitoa," akasema. "Nachagua."

Naibu wa chifu akamwacha. Kujitoa kulikuwa halali.

Wanawake wa kijani wakaondoka pembeni. Kwanza watatu, kisha kundi zima, na baadhi yao walikuwa wakishikana mikono. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Nitasema kweli: nilifikiria fomu. Niliifikiria kwa urefu wake wote, saini ya kwanza na nafasi tupu ya pili. Kisha nikaona pengo likifunguka nyuma ya shangazi, bibi mmoja alipokuwa akihamia kivulini, na nikaenda kwa kukimbia, mbele za watu, mwalimu mzima, nikaingia pale nikaushika mgongo wa shangazi. Hakugeuka.

Naibu wa chifu alihesabu mara tatu. Mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa ufito, mara ya tatu akimgusa kila mtu begani. Mstari wetu ulikuwa mrefu kuliko zile njiti sitini na nane. Aliandika kwenye daftari lake, akamwita fundi wa bara, akampa mkono.

"Haya, mwenyekiti. Sema neno."

Fundi alikohoa. "Mimi sina maneno mingi," akasema kwa Kiswahili chake cha bara, ambacho watoto wetu walikuwa wakikiigiza. "Huyu mama amesema choo ya wasichana. Tutaanza na hiyo. Nimemaliza."

Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kizuri.

Vyoo vilichimbwa. Akina baba wa bara na wenyeji walichimba pamoja, na shangazi akashona mapazia ya turubai kabla milango haijapatikana. Fundi alimpa nafasi kwenye kamati, na yeye akawa mkali huko kuliko alivyokuwa barazani. Mwenye mashine hakuacha kusaga unga wala kupeleka wagonjwa. Sijui kama aliona aibu au aliona faida, lakini mwaka ule pikapu haikukosa petroli.

Yangu haikwenda vizuri hivyo. Fomu yangu haikurudi. Mhuri wa kamati nao haukukabidhiwa kwa miezi mingi. Mara umepotea, mara uko kwa mchonga mihuri, na ulipopatikana tarehe ya chuo ilikuwa imepita. Kisha ikaja barua ya uhamisho: nihamie shule moja ng'ambo ya Kaloleni, mara moja. Sababu haikuandikwa. Mwalimu mkuu alinikabidhi akiwa ameinamisha macho, akasema, "Pole sana, binti yangu," na naamini alimaanisha. Mzee wa hesabu aliachwa. Alikuwa amekaribia kustaafu, hakuna aliyejisumbua naye. Alinipa barua kwa ndugu yake wa kule ili nipate pa kulala.

Siku ya kuondoka nilikwenda barazani kwa shangazi asubuhi. Alikuwa akishona sare. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. "Shangazi, mwaka ule wa kwanza. Nilipokwenda kwa yule."

Aliendelea kukanyaga cherehani hadi mwisho wa pindo. Kisha akakata uzi kwa meno.

"Iliniuma," akasema. "Usidhani haikuniuma kwa kuwa sikusema. Nilikuona ukitembea, nikajua kwa nini, na bado ikaniuma."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile. Kuuma na kusamehe ni vitu viwili." Akainyoosha sare magotini, akaitazama. "Na zile njiti pia ziliniuma. Mbili tu, mwanangu. Nimewafikiria wote, nyumba kwa nyumba. Nani angenipa zile mbili?"

"Ungetaka ihesabiwe tena?"

Akatia uzi mwingine kwenye sindano. "Hapana," akasema mwishowe. "Yule fundi amefaa. Lakini ningetaka kushinda." Akasema hivyo waziwazi, bila kuona haya, na ndiyo mara ya kwanza niliyomsikia akikiri kwamba alikuwa akikitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe.

Akanipa mfuko wa nguo alizonishonea, magauni mawili ya kufundishia, yenye mifuko mikubwa. Akaniambia huko vilimani asubuhi kuna baridi, nisitoke kichwa wazi. Nikamwamkua, akaitikia, nikaondoka, na kabla sijafika barabarani nikasikia cherehani imeanza tena.